Mguso Usiodai Kitu: Mwongozo Kamili kwa Mume na Mke Waliozoeana

Ndoa nyingi hapa Moshi hazivunjiki kwa ugomvi. Zinaendelea. Ada inalipwa, kihamba kinalimwa, Desemba familia nzima inapanda nyumbani Kibosho au Rombo na majirani wanasifu. Kilichokatika hakionekani na mgeni: mume na mke hawagusani tena. Wanalala wamepeana migongo, na wala si kwa hasira, ni mazoea. Ukiwauliza watakwambia wanapendana, na ni kweli.

Nimeandika kwa ajili ya watu hao. Ndoa yenye kipigo au vitisho ni jambo jingine kabisa. Huko usianze na mwongozo huu, anza na usalama wako: Dawati la Jinsia na Watoto la polisi, au mtu mzima wa ukoo unayemwamini. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inasema wazi kwamba hakuna mwenye haki ya kumwadhibu mwenzi wake kwa kumpiga.

Hatua ya kwanza: jueni mguso ulikatikaje

Mara nyingi huanza hivi. Mume anaingia jikoni, anamshika mke kiuno. Zamani ilikuwa raha. Siku hizi mke anajua kwamba akitulia tu, saa nne usiku atadaiwa, na leo ameamka saa kumi na moja, amefua, amekwenda Mbuyuni kufuata bidhaa, ameuza mpaka jioni, na sasa anapika. Basi anajisogeza, anajifanya anageuza ndizi. Mume anasikia kama ameambiwa "sikutaki". Likitokea hilo mara kadhaa, naye anaacha kushika.

Upande wa pili upo pia, ila wanaume hawausemi. Mke anaegemea bega la mumewe wakati wa taarifa ya habari. Mume ana deni, au sukari, au mwili wake ulimwangusha mwezi uliopita, na anaogopa kuombwa asichokiweza. Anachukua simu, anaanza kuperuzi. Mke anaondoa kichwa.

Hakuna aliyeacha kupenda hapo. Ila kila mguso umekuwa ombi, na ombi linataka jibu la ndiyo au hapana. Aliyechoka, akiona vigumu kusema hapana saa nne usiku, huanza kuisema mapema, saa kumi na mbili jioni, kwa kuukwepa mkono. Wote wawili wanabaki na njaa ndani ya nyumba moja.

Kwenye kicheni pati tunamfunda binti asimnyime mumewe. Ni wapi kijana anafundwa kumpapasa mkewe mgongo na kuishia hapo? Mimi sijapaona. Naliona kuwa pengo kubwa, na nyumba nyingi zinalipa gharama yake.

Kwa hiyo kazi haianzi na tendo la ndoa. Inaanza na kurudisha mguso usiodai kitu. Mengine yatafuata yenyewe, au yatazungumzika kirahisi zaidi.

Hatua ya pili: zungumzeni, lakini si kitandani

Kitandani taa ikiwa imezimwa ni mahali pabaya pa kuanzisha mazungumzo haya. Kila neno husikika kama lawama. Mezani mkitazamana nako huwa kama kikao cha ukoo. Tembeeni. Mkienda bega kwa bega, macho yakiwa barabarani, mtu husema asiyoweza kuyasema ana kwa ana. Kwa wa Moshi, jioni ya Jumapili chini ya miti ya Shanty Town panafaa, au njia za msitu wa Rau. Wa Arusha wanaweza kupanda kuelekea Ilboru jua likiwa limepoa. Watoto wabaki na dada au jirani. Nusu saa inatosha.

Usianze na "wewe siku hizi". Anza na hamu yako: "Mume wangu, nimekumbuka ulivyokuwa unanishika mkono. Nataka turudi pale." Au: "Mke wangu, naogopa kukugusa kwa sababu nadhani utafikiri nataka jambo. Mara nyingine nataka kukushika tu." Sentensi hiyo ya pili nimeona ikimtoa mwanamke machozi barabarani, kwa sababu kwa miaka alidhani mumewe hamwoni mpaka usiku.

Kisha kila mmoja aulizwe maswali mawili na aachwe ajibu bila kukatizwa: ni mguso gani unaupenda na umeukosa, na ni upi unaokukera. Majibu yatawashangaza. Yupo anayechukia kubanwa shavu, yupo ambaye kushikwa tumbo baada ya kuzaa kunamkumbusha mwili alioupoteza, yupo ambaye kwa miaka kumi alikuwa akitamani kukunwa kichwa na hakuwahi kusema. Pokea bila kujitetea. "Sikujua, asante kwa kuniambia" inatosha.

Hatua ya tatu: wekeni tendo kando kwa muda

Hapa ndipo wengi hushtuka, na ndipo penye nguvu ya mwongozo wote. Kubalianeni kwa mdomo, wote wawili, kwamba kwa wiki tatu hakuna tendo la ndoa, ila kuna kushikana kila wiki kwa utaratibu. Njia hii ilibuniwa na Wamarekani wawili, daktari William Masters na Virginia Johnson, na ilienea kuanzia mwaka 1970. Mpaka leo washauri wa ndoa wanaitumia. Inafanya kazi kwa sababu inaondoa deni: mkono ukija, wote mnajua unaishia wapi, na mwili uliokuwa umejikaza unaachia.

Chagueni jioni tatu za wiki. Fungeni mlango kwa komeo. Simu zikae sebuleni, zote mbili, maana simu iliyogeuzwa uso chini bado inasikilizwa. Nguo vaeni mnavyojisikia huru. Mmoja anashika, mwingine anashikwa, kwa dakika kumi na tano, halafu mnabadilishana.

Wiki mbili za kwanza ni kichwa, shingo, mabega, mgongo, mikono, miguu. Matiti na sehemu za siri hazihusiki. Anayeshika aende taratibu kuliko anavyodhani inafaa. Asikande kama anakanda unga wa chapati. Apitishe kiganja, asikie ngozi ilivyo, palipokauka, penye joto, penye kovu la zamani. Anayeshikwa hana kazi ya kumfurahisha mtu wala ya kuguna ili mwenzake ajisikie vizuri. Kazi yake ni moja, kusema ukweli kwa maneno mafupi: hapo, polepole, hapo acha, rudi kwenye bega.

Mwili ukiamka, uache uamke na utulie wenyewe. Usiufuate. Mwanamume akiweza kusisimka, akaendelea kumpapasa mkewe mgongo, kisha akamfunika shuka na kumtakia usiku mwema, amemrudishia mkewe kitu ambacho zawadi ya dukani haiwezi kukirudisha: mkewe atajua kwamba anaweza kusogea karibu bila hofu. Msiharakishe kuvunja makubaliano kwa kuwa "mambo yameanza kuwa matamu". Mkivunja siku ya nne, yule aliyekuwa anakwepa atajifunza kwamba hata hili lilikuwa mtego.

Maandalizi yana maana yake. Fundi ujenzi ambaye viganja vimekauka kwa saruji ajipake mafuta dakika kumi kabla, na kucha zikatwe. Mafuta ya nazi yanafaa. Juni na Julai, mawingu yakikaa mlimani siku nzima na Arusha ikiwa barafu, mikono hupashwa kwanza kwa kukumbatia kikombe cha chai, kwa sababu kiganja cha baridi mgongoni kinamaliza habari kabla haijaanza. Kuoga kabla, wote wawili, hakuna mjadala.

Wiki ya tatu mwili mzima unaruhusiwa, bado bila tendo. Baada ya hapo kaeni tena mzungumze. Wapo watakaotaka kuendelea wiki nyingine mbili, na hilo ni jema. Wengine watakuwa tayari. Anayehitaji muda zaidi ndiye anayesubiriwa.

Hatua ya nne: miguso ya mchana

Utaratibu wa jioni tatu ni wa kuanzia. Kinachoifanya ndoa iwe na joto miaka ishirini mbele ni vitu vya sekunde chache, mchana, mkiwa mmevaa nguo zenu na mna haraka.

Kabla ya kutoka asubuhi, kumbatianeni mpaka mabega yashuke. Kumbatio la kupigana kofi mgongoni huku mmoja anatafuta funguo halihesabiki. John Gottman, Mmarekani aliyetumia miaka mingi kuchunguza wanandoa, hushauri busu la sekunde 6 wakati wa kuagana na kukutana. Zihesabu kichwani siku ya kwanza uone zilivyo ndefu, na jinsi ambavyo ulikuwa hubusu kabisa, ulikuwa unasalimia. Jioni, anayerudi aende kwa mwenzake kwanza, kabla ya sahani, kabla ya kuuliza kama umeme umerudi.

Mkono peke yake una kazi kubwa. Mwaka 2006 mtafiti James Coan na wenzake huko Marekani walichapisha utafiti wa wanawake 16 walioolewa, ambao ubongo wao ulipimwa kwenye mashine huku wakijua wanaweza kupigwa shoti ndogo ya umeme. Waliposhikwa mkono na waume zao, sehemu za ubongo zinazoshughulika na hatari zilitulia kuliko waliposhikwa na mtu wasiyemjua, na waliokuwa na ndoa njema zaidi walitulia zaidi. Kwa hiyo mkeo akiwa anasubiri majibu ya vipimo hospitali ya KCMC, au mumeo amepigiwa simu ya msiba, usitafute maneno ya hekima kwanza. Shika mkono.

Watu wetu hawabusiani barabarani, na sioni sababu ya kulazimisha. Kuna lugha nyingine. Kumwondolea mwenzako uzi begani mbele ya mlango wa kanisa. Kumnyooshea kola ya shati au ya kanzu. Goti kugusa goti chini ya meza kwenye sendofu, wakati msemaji wa ukoo anarudia hotuba. Kushikana mkono kuvuka barabara pale stendi kuu na kuchelewa kidogo kuachia ng'ambo. Hakuna atakayewashangaa.

Na mbele ya watoto? Kumbatianeni. Mtoto anayemwona baba akimshika mama bega kwa upole anajifunza nyumba ilivyo. Cha chumbani kibaki chumbani, lakini upendo wenyewe usifichwe kama kosa.

Hatua ya tano: tengenezeni nafasi

Ushauri mwingi wa ndoa huandikwa kana kwamba kila mtu ana nyumba ya vyumba vinne. Wengi wetu Pasua, Majengo, Ngarenaro au Unga Ltd tunapanga chumba na sebule, watoto wapo, na pengine mdogo wa mume amekuja kusoma chuo.

Mtoto akishaacha kunyonya usiku, ahamie kitanda chake, hata kama ni godoro dogo sebuleni pamoja na shangazi yake. Nyumba ya chumba kimoja, pazia zito kutoka dari mpaka chini linasaidia kuliko lile jepesi, na kitanda cha watoto kisikae kikilitazama. Kitanda chenu kikilia, kazeni bolti au shusheni godoro chini. Masika ni rafiki yenu: mvua ikipiga bati, hakuna anayesikia kitu. Jumamosi watoto wakienda mafundisho au madrasa, hizo saa mbili ni zenu, na vyombo vinaweza kusubiri.

Kwa ndugu anayeishi nanyi, semeni waziwazi na kwa heshima: "Mdogo wangu, mlango wetu ukiwa umefungwa, gonga na usubiri." Hamna haja ya maelezo zaidi.

Nyakati zinazohitaji uangalifu wa pekee

Baada ya kujifungua. Kwa Wachagga mzazi hutunzwa kweli: anakaa ndani, analetewa mtori, mama mkwe au mama mzazi anakuja kumlea, na baba wa mtoto mara nyingi anahamia sebuleni. Ni desturi nzuri na imeokoa wanawake wengi. Tatizo ni kwamba bibi akishaondoka hakuna anayemwambia baba arudi chumbani, na yapo makochi ambayo yamelaliwa mwaka mzima. Kwa hiyo mpangane mapema: siku bibi anaondoka, mume anarudi kitandani kwake, kulala tu. Kuhusu tendo, kwa kawaida hushauriwa kusubiri mpaka kliniki ya wiki 6, na aliyeshonwa au kufanyiwa upasuaji anaweza kuhitaji zaidi. Anayenyonyesha huwa mkavu ukeni kwa sababu homoni ya estrojeni imeshuka, na hamu nayo hupungua. Hajakuchoka. Vilainishi vyenye msingi wa maji vinapatikana maduka ya dawa. Mkitumia kondomu za mpira msipake mafuta ya nazi wala ya mgando, maana huzidhoofisha zikapasuka. Mwanamke aliyeshikwa na mtoto kutwa nzima, jioni anaweza kutotaka kuguswa na yeyote. Mume, mchukue mtoto kwanza, mwache aoge peke yake bila kuitwa. Huo nao ni ubembelezi.

Safari za kazi. Mji wetu unakula kwa utalii, na hapa ndoa nyingi zinaishi kwa vipande. Dereva wa Arusha anaweza kupotelea Serengeti siku kumi msimu wa Juni hadi Oktoba, akarudi, akalala, akaondoka. Wapagazi wa Kilimanjaro, wale tunaowaita wagumu, wakipanda kwa njia ya Machame wanakaa mlimani siku 6 au 7 na mzigo wa kilo 20. Kosa la kawaida ni kudai kila kitu usiku wa kwanza. Aliyeshuka ana mwili uliovunjika, na aliyebaki amezoea kulala peke yake. Usiku wa kwanza uwe wa miguu. Beseni, maji ya uvuguvugu yenye chumvi, mke anakaa kwenye kigoda anaisugua taratibu, anapita katikati ya vidole, anaona malengelenge mapya yalipo. Mume kesho yake asubuhi ndiye wa kumpaka mke mafuta mgongoni, maana yeye naye alibeba nyumba wiki nzima. Tendo lisubiri usiku wa pili au wa tatu, na litakuwa bora.

Mwili unapobadilika. Ukomo wa hedhi, mara nyingi kati ya miaka 45 na 55, huleta ukavu na maumivu ambayo yana tiba. Presha, sukari, baadhi ya dawa za presha na za sonona, sigara na pombe, vyote hugusa nguvu za mwanamume. Uume kushindwa kusimama kwa miezi kadhaa unaweza kuwa dalili ya mapema ya ugonjwa wa moyo, kwa hiyo nenda Mawenzi, KCMC au Mount Meru ukapimwe, usiende kununua chupa isiyo na jina stendi. Vidonge vya kuongeza nguvu vikikutana na dawa za moyo za jamii ya naitreti vinaweza kushusha presha mpaka mtu afe. Sindano ya uzazi ya miezi 3 nayo hupunguza hamu kwa baadhi ya wanawake. Zungumza na muuguzi kuhusu njia nyingine kabla ya kuiacha. Maumivu wakati wa tendo si ya kuvumilia kwa mwanamke yeyote, na aliyekeketwa ana haki ya kutibiwa bila kuaibishwa.

Hamu isipokuja, na "hapana" iliyo njema

Wengi husubiri hamu kwanza ndipo wasogee. Daktari Rosemary Basson wa Kanada alieleza mwaka 2000 kwamba kwa watu wengi, hasa wanawake walio katika ndoa ya muda mrefu, mpangilio hugeuka: mtu anaanza akiwa ametulia tu, anakumbatiwa, anajisikia salama, na hamu inakuja njiani. Hii haimaanishi kulazimishana. Maana yake ni kwamba aliyetulia hana kasoro, na kwamba ana ruhusa ya kuanza na kuacha katikati pia.

Basi jifunzeni kukataa bila kuondoa mkono. "Leo mwili hauwezi, baba, lakini nilaze kifuani." Kisha anayekataliwa amlaze kifuani kweli, bila kuhema kwa kinyongo, bila kugeukia ukuta. Namna anavyopokea usiku huo ndiyo itakayoamua kama mwenzake atathubutu kusogea kesho. Nadhani hakuna ujuzi wa ndoa ulio muhimu kuliko huu, kwa mume na kwa mke.

Kama mwenzako hataki kabisa

Inawezekana umesoma mwenyewe na mwenzako ameguna akasema "hayo ni ya Wazungu". Usimpe mwongozo wote. Chagua mguso mmoja ambao unajua hakuwahi kuukataa, kiganja begani ukipita nyuma ya kiti chake, na uufanye kila siku kwa mwezi mzima bila kuongeza kitu wala kuomba kitu. Akiuliza unataka nini, mwambie hutaki kitu, na uwe mkweli. Mwezi ukiisha, mwombe mtembee Jumapili. Akikataa tena, muulize kama kuna jambo alilolibeba: uchungu wa zamani, maumivu ya mwili, hofu ya ugonjwa, mtu mwingine. Kwa hayo mtahitaji wa tatu, na si shoga wala rafiki wa kijiweni. Mchungaji, padri au sheikh aliyefunzwa ushauri, wasimamizi wenu wa ndoa kama ni watu wa kutunza siri, au mshauri nasaha wa hospitali ya rufaa. Mkienda, ingieni pamoja na mkae kiti kando ya kiti.